Andika siku za kusubiri: namna ya kutumia akili mnemba kujua mradi wa ujenzi utachelewa wapi (mwongozo kamili kutoka saiti za Kigoma)

Wakuu habari za saizi. Hili swali la akili mnemba (AI) na ujenzi naulizwa sana, hasa na vijana wanaotoka chuo wanakuja saiti na laptop mpya wakidhani kuna programu ukiibonyeza inakwambia mradi utaisha lini. Zipo za hivo, ila hazikusaidii kitu kama huna cha kuzilisha. Mimi nipo Kigoma, kazi zangu ni majengo madogo, madarasa, zahanati, nyumba za watumishi, vyoo vya shule, saiti zinatawanyika Kasulu, Uvinza, na vijiji vya mwambao huku ziwani ambako hata bati linafika kwa boti. Kwahiyo naandika kwa mtu mwenye kampuni ndogo, simu, laptop moja mnayopokezana, na daftari la saiti lenye madoa ya saruji. Wale wa reli ya SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, wana idara zao za mipango, huu uzi sio wao.

Niseme mapema nilichojifunza ili hata ukiishia hapa uwe umepata kitu. Sisi tunaandika kazi iliyofanyika. Leo tumemwaga zege, leo tumepanga kozi tatu za tofali, leo tumefunga lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Ila mradi hauchelewi kwenye kazi, fundi wetu wakiwa na vifaa wanapiga kazi vizuri tu, mradi unachelewa kwenye siku ambazo hakuna aliyefanya kitu kwa sababu kila mtu anasubiri kitu. Kusubiri saruji, kusubiri injinia aje akague msingi, kusubiri awamu ya pili ya hela, kusubiri tripa, lori la mchanga, ivuke mtaro. Hizo siku ndo hatuziandiki popote, na AI haiwezi kutabiri kitu ambacho hakuna mtu aliyekiandika.

KWANINI MAKADIRIO YETU HUWA YANADANGANYA

Usijilaumu, ni ugonjwa wa binadamu. Mwaka 1994 watafiti Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo waliokuwa wanamalizia tasnifu zao, wakawauliza utamaliza kwa siku ngapi, kwa wastani wakasema siku 33.9, kumbe walimaliza kwa siku 55.5. Na hapo hawakuwa na tripa wala mvua wala mzabuni wa nondo, walikuwa na karatasi tu. Kwenye ujenzi kuna Mdenmaki anaitwa Bent Flyvbjerg, amekusanya rekodi za miradi zaidi ya 16,000 ya nchi mbalimbali, akakuta iliyoisha kwa bajeti na kwa wakati uliopangwa ni asilimia 8.5 tu. Jengo la Opera la Sydney kule Australia lilitakiwa kuisha 1963, likafunguliwa 1973.

Dawa anayoisema Flyvbjerg ni nyepesi, acha kuangalia mradi wako kutokea ndani, angalia miradi iliyofanana nao ilichukua muda gani kweli, anzia hapo. AI ya kutabiri ukiivua nguo zote ndo hicho hicho inachofanya, inaangalia yaliyopita kwa wingi kuliko unavyoweza kukumbuka wewe. Sasa twende.

HATUA YA KWANZA: FUKUA MIRADI YAKO YA ZAMANI

Usianze na programu. Anza na kabati. Tafuta miradi mitano sita uliyomaliza miaka ya karibuni, hata kama rekodi zake ni mbovu. Delivari noti za saruji na nondo zina tarehe. Hati za malipo zina tarehe uliyoomba na benki inaonyesha tarehe hela ilipoingia, na tofauti ya hizo mbili ni dhahabu. Picha za simu zina tarehe ndani yake. Alafu kuna grupu la WhatsApp la saiti, hili watu wanalidharau ila ndo daftari la kweli, maana foremani anaweza kusahau kuandika kwenye daftari lakini hasahau kuandika "bosi saruji imeisha" saa moja asubuhi. WhatsApp inakuruhusu kutoa mazungumzo yote kama faili la maandishi, litoe, ila kabla hujalipeleka kokote futa majina na namba za simu za watu, badilisha ziwe Fundi 1, Fundi 2. Hao watu hawajakubali kuwekwa kwenye mashine ya mtu.

Madaftari ya karatasi piga picha kurasa zake vizuri kwenye mwanga, alafu ipe AI yoyote inayosoma picha, iambie igeuze kuwa jedwali. Hapa inakuokolea siku nzima ya kuchapa, kweli kabisa. Ila ikague, mstari kwa mstari, angalau kurasa za kwanza. Yangu ilikuwa inasoma 1 ya foremani kama 7, na mbaya zaidi ilikuwa inageuza tarehe, 4/11 ikawa Aprili 11 badala ya Novemba 4, na kwa vile Kigoma miezi yote miwili kuna mvua hutashtuka hata kidogo. Kwahiyo iambie kabisa, siku inaanza, mwezi unafuata, na isipoweza kusoma neno iache wazi isibuni.

HATUA YA PILI: DAFTARI JIPYA, MSTARI MMOJA KWA SIKU

Kwa miradi inayoendelea badilisha namna ya kuandika. Mimi nilimtengenezea foremani wetu fomu ndogo, anaandika kwa mkono jioni anapiga picha ananitumia. Mfano wa siku moja:

12/9. Kazi: boma, kozi ya 6 hadi 8. Watu: fundi 4, saidia 6. Tunasubiri: saruji mifuko 60. Iliagizwa: 3/9. Ilitakiwa: 10/9. Chanzo: HELA. Mvua: hapana.

Angalia hapo vitu viwili. Kuna tarehe ya kuagiza na tarehe kilipotakiwa, bila hizo huwezi kujua umesubiri siku ngapi. Na kuna neno CHANZO, ambalo sio "kwanini leo hakuna saruji", ni "ukirudi nyuma kabisa ilianzia wapi". Vyanzo nimeweka vinane tu, HELA, VIFAA, NJIA, UKAGUZI, MICHORO, WATU, MASHINE, MVUA. Usiweke thelathini, foremani atachoka atakuwa anaandika ya kwanza kwenye orodha kila siku.

Hii ya chanzo niliifahamu kwa aibu. Tulikuwa na jengo moja upande wa Uvinza, tukachelewa, nikakaa na daftari naandaa barua ya kuomba kuongezewa muda, nakuta siku 11 zimeandikwa "mvua". Nikasema safi, mvua ni sababu inayokubalika. Namsomea mzee foremani ili athibitishe, akacheka. "Injinia, mvua ilinyesha siku mbili. Hizo tisa tulikuwa tunasubiri tripa, ile njia ya kwenye mbuga ilikuwa haipitiki na mwenye tripa alisema hatoki mpaka amaliziwe hela yake ya mchanga ya mwanzo." Kwahiyo mvua mbili, njia kadhaa, na hela ndo baba yao wote. Daftari lilikuwa linasema mvua kwa sababu mvua haigombani na mtu.

Sasa fikiria ungeipa AI lile daftari. Ingekwambia jenga kiangazi utakuwa salama. Ungejenga kiangazi na ungechelewa vilevile kwa sababu hujamlipa mwenye tripa.

HATUA YA TATU: MVUA YAKO, SIO MVUA YA DAR

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Niliwahi kuiuliza programu moja ya mazungumzo inipangie ratiba ya ujenzi Kigoma, ikanijibu kwa kujiamini kabisa nikwepe masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na dirisha zuri la kupaua ni Januari na Februari. Januari! Hiyo ni kalenda ya Dar na Tanga. Sisi huku na Tabora tuna msimu mmoja mrefu, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unatutaja kwenye kundi la mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili. Ukipaua Januari Kigoma kwa ushauri wa kompyuta utakuwa unakinga maji kwa ndoo.

Kwahiyo iletee data mwenyewe. Kuna NASA POWER, ni bure, unaingia unaweka latitudo na longitudo ya saiti yako inakupa mvua ya kila siku kuanzia 1981. Kigoma mjini weka -4.88 na 29.63. Alama ya kutoa usiisahau, ukiisahau unaletewa mvua ya Sudan Kusini. Kuna nyingine inaitwa CHIRPS nayo inaanzia 1981 na ina vipande vidogo zaidi. Pakua, iambie AI ikuhesabie kwa kila wiki ya mwaka ni siku ngapi kwa wastani mvua ilizidi milimita 10. Kwanini 10, kwa barabara zetu za udongo mimi naona hapo ndo tripa inaanza kusita, wewe angalia udongo wako. Ila hizi ni namba za setilaiti na modeli, na Kigoma ina milima na ziwa, mvua inapiga Mwandiga huku Ujiji kukavu, kwahiyo weka kipima mvua saiti hata cha kutengeneza mwenyewe, chombo chenye kuta zilizonyooka na rula, kila saa tatu asubuhi mtu anasoma anamwaga.

Na wenye saiti za mwambao, nyie kalenda yenu ni nyingine kabisa. Kiangazi ambacho mtu wa Kasulu anakipenda ndo wakati upepo wa kusini unaamka ziwani, Mei mpaka Septemba, mawimbi yanapanda na mwenye boti anakataa kupakia saruji. Mvua kwenye jedwali itasoma sifuri na mzigo wako umelala gatini. Ongeza safu ya ZIWA, andika tu limetulia au limechafuka.

HATUA YA NNE: HESABU YA KALAMU KABLA YA KOMPYUTA

Nisikilize hapa, usiruke hii. Kabla hujampa AI kitu, piga hesabu hii ya mkono, maana ndo itakusaidia kujua AI ikidanganya.

Tuchukue mfano wa madarasa mawili na ofisi. Kazi tupu, bila kusubiri: msingi siku 20, jamvi (zege la sakafu ya chini) na boma hadi lenta 30, kupaua 15, ripu (plasta) na sakafu 25, umaliziaji 15. Jumla 105. Ukianza Agosti 1 unamaliza Novemba 13, na hii ndo tarehe ambayo wote tunaiandika kwenye ratiba, tunasaini, tunakunywa soda.

Sasa weka kusubiri. Kila kusubiri kupe namba tatu kutoka kwenye rekodi zako, ikienda vizuri, kawaida, na ikienda vibaya. Alafu fomula ya zamani kabisa ya PERT, ya jeshi la majini la Marekani tangu 1958: nzuri, jumlisha kawaida mara nne, jumlisha mbaya, gawa kwa sita. Hela ya awamu ya pili tuseme 5, 14, 45, inatoka siku 17.7. Saruji 2, 5, 15, inatoka 6.2. Mbao na bati 3, 7, 21, inatoka 8.7. Ukaguzi 1, 3, 10, inatoka 3.8, ila ukaguzi ni mara nne, msingi, jamvi, lenta, na mwisho, kwahiyo ni kama 15.3. Jumla ya kusubiri siku 48. Mia na tano jumlisha arobaini na nane ni 153, Agosti 1 inakupeleka Desemba 31.

Na kinachouma zaidi sio tarehe ya mwisho, ni ya paa. Kazi kabla ya kupaua ni siku 50, ongeza hela, saruji, mbao, na kaguzi tatu za mwanzo, unafika siku ya 94. Kenchi, zile mbao za kubeba paa, zinaanza kupanda Novemba 3. Kwenye ratiba uliyosaini zilitakiwa kupanda Septemba 20. Umetoka kiangazi umeingia mlangoni mwa msimu, na bado mvua yenyewe hujaiweka kwenye hesabu hata siku moja.

(Mtu atasema mbona umejumlisha tu, vingine si vinasubiriwa kwa pamoja. Ni kweli, ukiwa na hela mkononi unaagiza saruji na mbao siku moja. Sisi wengine hela inakuja kwanza ndo tunaagiza, kwahiyo vinafuatana. Panga yako inavyokwenda kweli.)

HATUA YA TANO: SASA MPE AI KAZI

Kuna vitu vitatu tofauti watu wanaviita AI na inabidi uvitenganishe kichwani. Programu za mazungumzo kama ChatGPT, Claude au Gemini ni nzuri kusoma daftari, kupanga vyanzo, kuandika kodi (maagizo ya kompyuta, sio ya TRA). Ukiziuliza "mradi wangu utachelewa siku ngapi" bila data zitakupa namba nzuri ya kuokota, usiitumie hata kwa utani. Cha pili ni Monte Carlo, hii ni mchezo wa bahati uliochezwa mara elfu kumi, kompyuta inachagua kwa nasibu siku za kila kusubiri ndani ya zile namba zako tatu, inajumlisha, inarudia, mwisho unaona mara ngapi mradi uliisha kabla ya tarehe fulani. Cha tatu ni mashine inayojifunza yenyewe kutoka kwenye jedwali, inayotumika sana ni ile ya miti mingi ya maamuzi aliyoichapisha Leo Breiman mwaka 2001, inajibu swali kama "kazi ya aina hii, mwezi huu, saiti ya umbali huu, kwa hela ya chanzo hiki, huwa inasubiri siku ngapi".

Ushauri wangu, chini ya mistari mia mbili hivi ya kazi ishia kwenye Monte Carlo. Mashine ya kujifunza ikiwa na mistari 40 haijifunzi, inakariri. Na usiingie kwenye ile mitandao mikubwa ya neva kwa miradi sita, ni kama kukodi greda kuchimba shimo la choo.

Maneno ninayotumia mimi ni haya, yachukue ubadilishe:

"Nimekupa jedwali la siku za kusubiri kutoka miradi yangu. Usikadirie kichwani. Andika kodi ya Python ifanye Monte Carlo mara 10,000. Kwa kila aina ya kusubiri tumia namba zilizotokea kweli kwenye jedwali. Nionyeshe tarehe ambayo mradi una nafasi ya asilimia 50 kuisha, na ya asilimia 80. Alafu panga vyanzo kuanzia kinachosogeza tarehe zaidi. Data isipotosha sema haitoshi."

Kodi inayotoka ibandike Google Colab, ukurasa wa mtandaoni wa kuendeshea kodi za Python, ni bure na inafanya kazi hata kwenye simu kwa shida kidogo. Huna bando, Excel ya kawaida inaweza pia kwa kitendaji cha RAND na mistari elfu moja, iombe AI ikuandikie fomula siku ukiwa na mtandao.

Sasa siri ambayo kwenye video za mafunzo hawaisemi. Monte Carlo ya kawaida inadhani kila kusubiri kunajitegemea, kwamba saruji ikichelewa haina habari na ukaguzi. Huku kwetu si kweli. Mvua ya kwanza ya Novemba ikidondoka, siku hiyo hiyo njia inaharibika, na siku hiyo hiyo saidia fundi wako nusu wanaenda shambani kupanda mahindi na maharage, na huwezi kuwalaumu, na gari la mkaguzi nalo linashindwa kufika. Kitu kimoja kimeangusha vinne. Hela nayo ni hivohivo, ikichelewa mzabuni anakasirika, fundi wanaondoka kwenda saiti ya mtu mwingine, na ukaguzi hauna cha kukagua.

Rudi kwenye mfano wetu uone ukubwa wake. Ukichukua mtawanyiko wa PERT, mbaya toa nzuri gawa kwa sita, vikijitegemea tarehe ya asilimia 80 inatoka takriban siku 160, Januari 7. Ukidhani vyote vinaanguka pamoja inatoka takriban 168, Januari 15. Ukweli upo katikati. Namba ni zilezile, daftari ni lilelile, ila moja inakwambia unakimbizana na kufunguliwa kwa shule, nyingine inakwambia watoto watakaa chini ya mwembe. Kwahiyo kwenye maombi yako ongeza: "HELA, NJIA, WATU na UKAGUZI huku kwetu vinachelewa pamoja, vifungamanishe kufuatana na jedwali." Ikikuuliza kwa kiasi gani usibuni, iambie ipime kutoka kwenye tarehe zilizopo.

HATUA YA SITA: MPE MTIHANI KABLA HUJAMWAMINI

Chukua mradi mmoja uliokwisha, uufiche. Fundisha kwa iliyobaki, alafu iambie itabiri ule uliofichwa kana kwamba unaanza kesho. Linganisha na kilichotokea. Rudia kwa kila mradi. Ikiwa inakosea siku sitini kila mara, afadhali hesabu ya kalamu.

Na angalia usije ukavujisha mtihani. Kosa hili nimelifanya, nikaona mashine inapatia karibu kila kitu nikafurahi kama mtoto, kumbe niliacha safu ya "tarehe ya malipo ya mwisho" ndani ya jedwali. Malipo ya mwisho yanalipwa mradi ukiisha! Mashine ilikuwa inasoma jibu. Kila safu jiulize, siku ile naanza kazi hii, hii taarifa nilikuwa nayo? Kama hapana, itoe.

HATUA YA SABA: JUMAMOSI

Utabiri wa mara moja ni mapambo. Mimi naufanya kila Jumamosi, baada ya kulipa vibarua, nakaa na mzee foremani pale kwenye benchi, tunaingiza wiki iliyopita, tunaendesha upya, inachukua dakika ishirini hivi. Hatuangalii tarehe ya mwisho sana, tunaangalia kitu gani kimepanda kwenye orodha ya vyanzo. Kikipanda UKAGUZI, napiga simu ya kuomba ukaguzi wa lenta kabla lenta haijamwagwa, sio siku ya kumwaga. Vikipanda VIFAA, naagiza mbao wakati boma lipo kozi ya tano, nazihifadhi juu ya matofali na turubai. Ikifika Septemba WATU lazima wapande tu, hapo naongea na fundi mapema, nani analima lini, tunapanga zamu, na nahakikisha hakuna anayenidai kitu kufika Oktoba, kwa sababu anayekudai ndo wa kwanza kutorudi kutoka shamba.

Kitu kimoja usikiruhusu. Ukiiambia AI "nibane ratiba nirudishe siku kumi" itatafuta siku ambazo zinaonekana hakuna kazi, na mimi iliwahi kunipendekezea kupunguza siku za kumwagilia zege maji ziwe mbili. Kwake ilikuwa siku tupu. Hizo si kusubiri, ni kazi, zege ndo linaifanya lenyewe, nguvu yake inapimwa siku ya 7 na ya 28 kwa sababu. Weka kabisa kwenye jedwali aina ya KUKOMAA na uiandikie marufuku kuguswa.

HATUA YA NANE: BOSI NA MKATABA

Mteja usimpe namba moja. Mwambie kuna nafasi nusu kwa nusu kuisha Desemba mwisho, na nafasi nane kati ya kumi kuisha katikati ya Januari, na kikubwa kinachoamua ni hela ya awamu ya pili, mheshimiwa ukiitoa ndani ya wiki mbili paa linapanda kabla ya mvua. Hapo umempa kitu cha kufanya. Wengine watakasirika, watasema mwenzako ameahidi Novemba, na kazi nyingine utaikosa kwa sababu hiyo, nimezikosa.

Ila grafu ya AI usiipeleke kama ushahidi wa kuomba nyongeza ya muda, haitakusaidia. Ushahidi ni daftari, delivari noti, barua. Na barua zina saa yake, mfano mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 1999 kifungu cha 20.1 kinampa mkandarasi siku 28 kutoa taarifa tangu ajue tukio, ukipitisha madai yanakufa. Mkataba wako unaweza kuwa na siku nyingine kwahiyo soma wenyewe, na hapo ndo utabiri una faida yake, ukiona NJIA imeanza kupanda barua inatoka wiki hiyohiyo ukiwa bado una picha za tripa iliyonasa.

Michoro ya mteja na bei zako za BOQ (orodha ya vifaa, kazi na bei zake) usizirushe hovyo kwenye programu za bure, kwa kazi hii hazihitajiki. Jedwali la tarehe na vyanzo linatosha.

Mwisho kuna kazi ya siku ya kukabidhi jengo, ambayo kila mtu anaisahau maana kuna pilau na mgeni rasmi. Kabla foremani hajaondoka mkalishe, pitieni mistari yote iliyoandikwa MVUA, mmoja baada ya mwingine, umuulize kila mmoja, mzee, hii ilikuwa mvua kweli?